Kitunga cha Kushoto

Jumapili, tarehe 28 Februari 2021

Papa amenunua punda. Si mmoja, wawili. Walifika jana kwa boti ya Bukavu, na kutoka bandarini hadi kwetu Katoyi aliwaleta kwa miguu, watoto kama hamsini nyuma yake. Mama alifungua lango akakutana uso kwa uso na punda. Alirudi jikoni akaendelea kupepeta mchele, kwa nguvu, hadi mwingine ukamwagika.

Papa ni karani wa depo ya simenti. Hajawahi kufuga hata kuku. Na hapa Goma mwenye mzigo anatafuta mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Punda wa nini? Nilimwuliza. Akasema, "Wa promenade."

Tangu lini Papa anafanya promenade, kutembea kwa raha tu?

Cédrick ana miaka tisa na tayari amewapa majina. Dume ni Préfet, kwa sababu hacheki kamwe, sawasawa na préfet, mkuu wa shule yetu. Jike ni Tantine.

Naandika kwa Kiswahili. Koko, mama yake Papa, alifundisha darasa la kwanza miaka ishirini na tisa. Anasema Kifaransa changu ni kizuri lakini Kiswahili changu kimejaa takataka. Basi kaye hii, daftari langu, ni ya kufagia. Inalala chini ya godoro. Hata yeye hataisoma.

Jumamosi, tarehe 6 Machi

Promenade ya kwanza. Wote watano, amri ya Papa — hata Koko, ambaye nyonga yake haimfikishi sokoni. Alipandishwa juu ya Tantine, amevaa kitenge cha kanisani. Préfet alibeba vitunga viwili, vikapu vikubwa, kimoja kila upande: sufuria, mablanketi, kidumu cha maji, viazi. Yote hayo kwa safari ya kwenda kula viazi na kurudi.

Kwenye barabara ya kwenda mji wa Sake vijana wa chukudu walituona.

"Papa Yosefu! Misri iko upande gani?"

"Bikira Maria mwenyewe amezeeka hivi?"

Koko aliwatazama kutoka juu. "Miye ni mama wa Yosefu," alisema. "Na punda wengine tulikuwa tunawatafuta, kumbe ni nyinyi."

Walicheka wao kuliko sisi. Mama hakucheka.

Kabla ya kutoka, Papa alinifundisha kupima vitunga. Unafunga kamba katikati ya fimbo ndefu, unaitundika kwenye tawi la mparachichi, kitunga kimoja huku, kingine kule. Fimbo ikilala sawa, vizuri. Upande mmoja ukipanda, unaongeza mawe hapo mpaka ulingane. "Punda anavumilia muzigo muzito," Papa alisema. "Havumilii muzigo wa upande mumoja. Unateleza, unamukata mugongo, analala katikati ya barabara." Vitu vyetu vyote vilikuwa kulia. Kushoto hapakuwa na kitu. Tukajaza mawe.

Nilisema tungegawa vitu pande mbili. Ni hesabu rahisi. Papa alisema hapana, kushoto kuna kitu chake, kitawekwa baadaye. Kitu gani? Aliangalia saa yake, akaandika kitu kwenye kaye ndogo, akairudisha mfukoni.

Tulikula viazi Lac Vert, kando ya ziwa dogo. Papa alivua viatu akaweka miguu majini. Sijawahi kuona miguu ya Papa majini. Labda kweli ni promenade tu.

Jumamosi, tarehe 13 Machi

Mara ya pili. Papa aliandika tena. Alipofungua kaye nilikuwa upande wa mkono wake na niliona: ni saa. Saa ya kutoka langoni, saa ya kufika mzunguko wa rond-point, saa ya kufika Mugunga. Nani anaandika saa za promenade?

Mugunga tulisimama. Kuna mama anauza fromage, jibini ya Masisi, pembeni ya barabara, mama mrefu, anaitwa Nyiramahirwe. Papa alituambia tumpumzishe Préfet (Préfet hakuwa amechoka), akaenda kwa huyo mama. Waliongea muda mrefu. Hakununua fromage.

Mama alikuwa anafunga upya kamba iliyokuwa imefungwa vizuri.

"Anaongea nini na yule mutu?" Mama aliuliza.

"Bei," alisema Koko.

"Bei ya fromage haina maneno mengi vile."

Jumatano, tarehe 17 Machi

Mwenzangu wa benchi, Umwiza, aliniuliza kama ni kweli tunapitisha vitu kwa punda. Vitu gani? "Sijui miye. Watu wanasema tu. Punda wawili, kila Jumamosi, upande wa Sake." Umwiza hana ubaya. Baba yake ana ng'ombe kule Masisi, anajua mnyama wa mzigo hafugwi kwa kupendeza. Nilijibu kwamba ni sport ya familia. Hata mimi sikujiamini.

Jirani yetu Ferdinand naye ameuliza, juu ya ukuta, jioni, akipiga mswaki: "Muko munahama?" Papa alicheka. Kisha aliingia ndani akatuambia kwa sauti ndogo kwamba Ferdinand asiambiwe siku wala saa ya kutoka. Sababu? "Ju ameshauliza mara mbili ukuta huu unaishia wapi."

Jumamosi, tarehe 27 Machi

Barrière ya askari, kizuizi cha barabarani, kabla ya Mugunga. Askari mmoja alitia mkono kwenye kitunga cha kushoto, akatoa jiwe. Akatia tena. Jiwe.

"Muko munabeba mawe," alisema polepole. "Kutoka Goma."

"Ndiyo, chef," alisema Papa.

"Goma hii? Yenye hakuna kitu kingine isipokuwa mawe?" Akamwita mwenzake: "Laurent, kuya uone. Wizi mupya."

Mwenzake alikuja, akalipima jiwe mkononi, akalinusa, akauliza kama si madini ya coltan. Papa alieleza mambo ya kusawazisha. Walimsikiliza kama watu wanavyosikiliza uongo mzuri. Mwishoni walituachia, lakini mawe mawili yalibaki kwao kwa uchunguzi. Kitunga kikapanda. Nilitafuta mawe mawili ya kulingana nayo, na nilikosea mara moja tu.

Jambo moja. Yule askari alipoita "Laurent", Papa aligeuka haraka, kama ameitwa yeye. Koko vilevile. Nyumbani hatulitaji jina hilo. Ni la baba mdogo. Najua kwamba alikuwepo na kwamba hayupo. Basi.

Jumatatu, tarehe 5 Aprili

Jana Pasaka. Juzi Jumamosi Papa hakukubali hata kusimamisha promenade kwa ajili ya misa ya usiku. Alisema tutarudi mapema, na tulirudi mapema. Sasa mimi ndiye ninayemwongoza Préfet. Nimegundua siri yake: ukimvuta, anasimama. Ukitembea mbele kama humhitaji, anakufuata.

Nimegundua siri nyingine. Papa anabaki nyuma. Mara ya kwanza nilifikiri ni viatu. Lakini kila wiki anabaki nyuma zaidi. Juzi, kati ya Lac Vert na Mugunga, niligeuka nikamwona mdogo kama kijiti cha kiberiti. Nilisimama kumngoja. Alipiga mluzi na kunionyesha kwa mkono: endelea. Alipotufikia hakuwa na hasira, alikuwa anaandika.

Mama anasema anabaki nyuma ili apige simu. Nimemtazama vizuri. Hapigi.

Jumapili, tarehe 18 Aprili

Leo nimejua habari ya Laurent. Nilikuwa namsuka Koko. Mtu anayesukwa hawezi kuondoka, kwa hiyo nilimwuliza.

Mwaka 2002, volkano ilipomwaga moto mjini, walikuwa na parcelle yao, kiwanja chenye nyumba, karibu na katikati ya mji. Koko, Papa akiwa kijana, na Laurent mtoto. Walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Waliporudi siku ya nne, lava ilikuwa bado inachoma nyayo, lakini juu yake mtu alikuwa ameshapanga mawe: mstari huu, mstari ule, parcelle yake. Papa alionyesha karatasi. Yule mtu alisema karatasi iko na nyumba, nyumba iko wapi? Hawakupata tena ile parcelle.

Halafu 2012, waasi walipoingia Goma. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nakumbuka mgongo wa Mama tu na mlio wa mabomu. Papa alisema safari hii haondoki, atalinda parcelle hii ya Katoyi. Laurent akamwambia: wewe uko na watoto, nenda, nitabakia miye. Walienda. Waliporudi baada ya siku kumi na moja nyumba ilikuwepo, milango, mabati, hata sufuria jikoni. Laurent hakuwepo. Majirani walisema walimwona jioni moja langoni. Hakuna aliyesema zaidi.

"Hakuzikwa?" niliuliza.

"Tutazika nini?" alisema Koko.

Nilisuka mistari miwili. Sasa naona promenade ni nini. Si promenade. Tunafundishwa kukimbia.

Haikunitisha. Nilifurahi, ndiyo, nimeandika vizuri: nilifurahi. Papa si mwizi, wala hana mke Mugunga. Papa anatupanga, kama mimi ninavyopanga masomo kabla ya mtihani.

Jumamosi, tarehe 1 Mei

Nilifurahi mapema.

Mugunga, kwa mama wa fromage. Cédrick alitaka kukojoa, nikampeleka nyuma ya kibanda. Papa na Mama Nyiramahirwe walikuwa upande wa mbele na hawakujua kwamba ubao ni mwembamba. Mama Nyiramahirwe ana nyumba Sake, na nyuma ya nyumba kuna chumba. Alisema kimefagiwa, hakuna anayelala humo tangu mkwewe arudi Rutshuru. Papa aliuliza juu ya maji. Aliuliza juu ya mahali pa kufunga punda. Kisha akasema: "Mikeka ine inatosha."

Ine. Minne, na sisi tuko watano.

Nimehesabu njia yote ya kurudi, kama mjinga. Papa, Mama, Koko, mimi, Cédrick. Labda mimi na Cédrick mkeka mmoja? Lakini Papa anajua Cédrick bado analowesha kitanda. Hawezi kunifanyia hivyo.

Nani hana mkeka?

Jumapili, tarehe 2 Mei

Nafikiri ni Koko.

Sitaki kuandika lakini nimeandika. Koko ni mzito kwa njia. Tantine alianza kuchechemea wiki iliyopita na Papa alimtazama mguu, kisha akamtazama Koko. Nilimwona. Na ni Koko anayependa kusema, "Miye nimeshakimbia sana, safari ingine mutaniacha na rozari yangu." Tunacheka akisema hivyo. Papa hacheki.

Leo wakati wa chakula niliwachunguza wote. Papa alimkatia Koko nyama ndogondogo kama kawaida. Mtu anaweza kukukatia nyama na bado akakuacha?

Jumamosi, tarehe 8 Mei

Wametangaza état de siège, yaani utawala wa kijeshi. Askari ni wengi zaidi, na barrière imekuwa mbili. Mawe yetu wameshayazoea. "Papa wa mawe," wanasema, "pita."

Leo Papa alituacha kabisa. Pale Lac Vert alisema: nendeni hadi Mugunga bila mimi, nawafuata. Nilimwongoza Préfet, Mama alimshika Tantine, Cédrick alibeba kidumu. Kulikuwa na gari la mizigo limekwama, watu wanagombana, punda hawakutaka kupita. Nilifanya kama simhitaji Préfet. Akapita. Tantine akamfuata.

Tulingoja. Papa alifika na saa mkononi. "Dakika ngapi?" nilimwuliza, ili ajue kwamba najua. Alinitazama. "Unatembea muzuri kuliko miye," alisema. Ni sifa. Kwa nini sikuitaka?

Jumamosi, tarehe 15 Mei

Nimemwuliza. Tulikuwa wawili chini ya mparachichi, fimbo imetundikwa, kulia mzigo, kushoto mawe.

Nilisema: "Papa, unataka kumwacha Koko."

Aliweka jiwe chini. Sijawahi kumwona na uso ule. Alisema kwamba Koko ndiye wa kwanza, kwamba punda wawili wamenunuliwa kwa ajili yake, kwamba kama angekuwa na nguvu angembeba yeye mwenyewe. "Nani alikuambia neno kama lile?"

Nilimwambia juu ya mikeka.

Papa akacheka kidogo. Alisema Mama Nyiramahirwe ana mikeka yake, ine ni ya kuongeza. Na wakati wa taabu mwanaume analala nje mlangoni, tangu lini mwanaume anatandikiwa? Aligonga kitunga cha kushoto. "Na hapa ndani ni nafasi yangu. Siku yenyewe, sac yangu ya nguo itaingia hapa. Mawe yanashika nafasi tu."

Basi jibu lipo, na ni jibu zuri. Nimelipima pande zote. Sijui kwa nini bado linapanda upande mmoja.

Jumapili, tarehe 23 Mei

Jana, promenade kama kawaida. Tulirudi alasiri. Nilikuwa naosha miguu ya punda jua lilipozama, na mbingu upande wa kaskazini haikuingia giza. Ilikuwa nyekundu kama ndani ya jiko. Ferdinand alipiga kelele kwanza, kisha quartier yetu, mtaa mzima.

Papa hakupiga kelele. Aliniita tu, "Nsimire, Préfet." Dakika kumi na nne, vitunga vimefungwa, Koko juu ya Tantine, lango limefunguliwa. Barabara ilikuwa imejaa watu, magodoro, pikipiki. Tulisimama langoni, tayari, na Papa akasema tungoje. Radio sikioni. Moto unashuka upande wa aéroport, uwanja wa ndege, alisema, si wetu, tungoje. Tuliketi langoni hadi asubuhi, punda wamebeba mizigo.

Asubuhi lava ilikuwa imesimama. Vijiji vya juu vimeungua, hapa kwetu majivu tu.

Sasa nasema nilichokiona. Jana jioni kushoto mlikuwa na mawe. Nilimwambia: Papa, leo si mazoezi, toa mawe uweke sac yako. Alisema ndiyo, ndiyo, baadaye. Tuliketi langoni masaa kumi. Masaa kumi, na baadaye haikufika.

Jumanne, tarehe 25 Mei

Ardhi inatetemeka. Nimeacha kuhesabu. Kuna ufa barabarani karibu na shule, watu wanaingiza mkono, wanasema kuna joto. Shule imefungwa. Tunalala uani chini ya shiti la plastiki, na kila mtetemeko Préfet anasimama na kututazama kana kwamba kosa ni letu.

Ferdinand ameleta kiti langoni kwake. Haondoki, anasema. Amekwisha kukimbia vya kutosha. Anatazama parcelle yetu na Papa anamtazama yeye. Wanasalimiana kwa heshima sana. "Muko sawa, muzee?" "Tuko sawa, muzee." Hakuna anayeondoka kwenye kiti.

Mama alimwambia Papa twende Sake sasa hivi, bila kungoja amri ya mtu. Papa alisema bado. Mama alisema, "Laurent alingoja nini?" Ndiyo mara ya kwanza kusikia Mama akitamka jina hilo. Papa alitoka akaenda kuwapa punda maji. Walikuwa wameshakunywa.

Jumatano, tarehe 26 Mei

Namshukuru Mungu. Leo Papa amefunga sac yake.

Alifanya mbele yetu sote, uani, mchana. Ile sac ya bluu. Suruali mbili, sweta ya kijani ambayo Mama alimfumia, mswaki, karatasi za parcelle ndani ya plastiki. Mama alimkunjia sweta upya kwa sababu wanaume hawajui kukunja. Nilimwona Mama akitabasamu akikunja. Tangu Februari sikuwa nimeliona tabasamu hilo.

Nimejiona mbaya. Miezi mitatu nimemchungulia baba yangu kama askari wa barrière. Namwomba Mungu anisamehe, na nikifika Sake nitamwambia Papa mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 27 Mei

Naandika Mugunga, pembeni ya barabara, nyuma ya kibanda cha fromage. Kibanda kimefungwa. Ni kama saa sita mchana. Nitaandika kwa mpangilio.

Alfajiri radio ilisema watu watoke. Wengine wanasema quartier yetu imetajwa, wengine wanasema hapana. Wote wametoka. Nilipoamka Papa alikuwa ameshamfunga Préfet peke yake, vitunga vyote viwili. Ni mara ya kwanza hakuniita kupima. Nilitazama: vimelala sawa kabisa. Sac ya bluu ilikuwa kushoto, juu, imefungwa kamba mara tatu.

Tulitoka. Ferdinand alikuwa kwenye kiti chake. "Safari njema," alisema, akatuhesabu. Niliona midomo yake ikihesabu hadi tano.

Barabara ya Sake — sijui niandike vipi. Goma yote ilikuwa juu yake. Vijana wa chukudu walikuwa wamebeba wazee wao, na hakuna aliyetuuliza Misri iko wapi. Papa alitembea nasi hadi rond-point. Pale alijigusa mfuko. Alisema amesahau kufuli la lango, limebaki wazi, ni dakika ishirini tu. Mama alimshika mkono wa shati. "Kufuli ni kitu gani?" Papa alisema, "Mama Nsimire, sac yangu si iko hapa? Niende wapi bila sac?" Mama alimwachia. Papa alimshika Koko mguu, pale chini ya kitenge, akaushikilia kidogo. Koko hakumtazama. Kisha Papa akaniambia, "Usimuvute."

Nilifikiri anasema juu ya Préfet.

Simu hazishiki. Tumekaa hapa saa nzima. Watu wanapita, wanapita. Mama amesimama juu ya jiwe anatazama upande wa Goma, na kila akiona kofia ya kijivu kama ya Papa anasema ndiyo hiyo, kisha si hiyo.

Nilimfungua Préfet ili apumue. Kitunga cha kushoto nilikibeba kwa mikono miwili na mikono yangu ilijua kabla yangu. Nguo haziko hivyo. Nguo zinakubali vidole. Nilifungua kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mawe. Yamefungwa mojamoja kwenye magazeti ili yasigongane. Chini yake karatasi za parcelle katika plastiki yake. Katikati, kaye ndogo. Niliifungua. Saa zote, tangu Machi. Ukurasa wa kwanza: "Wote." Katikati: "Nsimire mbele." Tarehe 8 Mei: "Bila mimi. Dakika 39. Wanaweza."

Hakuna suruali. Hakuna sweta. Alizitoa nguo usiku akaweka mawe, na aliyapima vizuri sana.

Koko aliniona. Yuko chini, ameegemea tandiko la Tantine, rozari mkononi haitembei. Nilianza kutoa jiwe moja. Alisema, kwa sauti ya darasani, ile ya chini:

"Rudisha. Punda ataanguka upande."

"Koko, ulijua?"

"Nilizaa watoto wawili," alisema. "Nawajua wote wawili."

Nimerudisha. Nimefunga kamba mara tatu. Nafikiri hivi: nikimwambia Mama, atarudi. Atarudi kwa miguu, peke yake, dhidi ya watu wote hawa, na Cédrick atamfuata. Nisipomwambia, Papa yuko langoni, na Ferdinand amehesabu watano waliotoka na mmoja aliyerudi. Mtetemeko umepita sasa hivi, mkubwa, watu wamepiga magoti. Labda anakuja. Labda atamtazama Ferdinand, atatazama lango, atasema basi inatosha. Dakika ishirini kwenda, ishirini kurudi, halafu njia hii. Anaweza kuwa Lac Vert sasa. Nimehesabu, anaweza.

Upepo umetoka ziwani. Cédrick anatetemeka. Mama ameshuka kutoka juu ya jiwe na kuniambia nimtolee mtoto sweta ya Papa, ile ya kijani, iko juu kabisa, aliikunja mwenyewe.

Nimesema nitaitoa nikimaliza kuandika.

Bado ninaandika.